Heathrow hadi Sydney: Singapore, Doha au Perth?

Tausi: Wakuu, habari za jioni. Nina safari ya Heathrow, uwanja wa London, kwenda Sydney, na tiketi lazima nikate kabla ya Jumapili. Programu imenipa umbali wa kilomita 17,000 hivi. Nikagawa kwa 900, mwendo wa ndege kwa saa, nikapata saa 19. Mbona tiketi zinaanzia saa 22? Nipitie wapi?

Mwewe: Hizo 17,000 ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, mkuu. Tiketi ulizoona zinatua mahali. Kupitia Singapore ni kama 10,900 jumlisha 6,300, karibu uko kwenye mstari uleule. Doha ni kama 17,600, Perth 17,800. Tofauti ya kilomita 600 angani haifiki saa moja. Muda unaliwa chini, kwenye kusubiri. Unasafiri mwezi gani? Na nani? Tiketi moja au mbili?

Nahodha_Mstaafu: Perth! Tangu Machi 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Heathrow, saa 17 hivi. Unalala, ukiamka uko Australia.

Karani: Saa 17 kwenye siti moja, magoti yatakuwaje? Halafu Perth ndipo unapoingilia nchini: uhamiaji, mabegi, forodha, ndipo upande ya ndani kwenda Sydney. Mimi Singapore, unanyoosha miguu katikati.

Mama_Pacha: Swali la Mwewe la tiketi moja au mbili mlijibu kwanza. Mimi nilikata mbili, kampuni tofauti, nafasi ya kuunganisha saa 1 na dakika 20. Ndege ya kwanza ikachelewa dakika 50. Nilikimbia na mtoto mgongoni, nikafika getini ndege naiona kioo kwa kioo, mlango umefungwa. Kampuni ya pili ikasema umechelewa, tiketi imekwisha. Begi liko kwenye mkanda upande wa pili wa uhamiaji, na viza ya kuingia sina. Saa 14 kwenye benchi, mwanangu kalala juu ya koti langu. Nikanunua tiketi mpya. Tiketi iwe moja, mabegi yaandikwe mpaka mwisho.

Nahodha_Mstaafu: Pole sana dada. Ila hiyo si kasoro ya Perth.

Karani: Tausi, usije ukahesabu saa kwa kutoa tu. Muda wa kwenye tiketi ni wa kila mji. Sydney iko mbele ya London saa 10.

Mwewe: Desemba ni 11, Julai ni 9. Miji yote miwili husogeza saa mbele wakati wa kiangazi chake; kumi ni zile wiki chache ambazo mmoja kabadili saa na mwenzake bado. Ukiondoka Desemba, Jumatatu saa 3 usiku, ukasafiri saa 22, unafika Jumatano saa 12 asubuhi. Ukitoa tu utapata 33.

Karani: Na iliyoandikwa 06:00 ndiyo hiyo saa 12 asubuhi, si saa 6! Nimeshuhudia watu wakiachwa.

Tausi: Asanteni wote. Ni Desemba, tiketi moja, na naenda na mama, ana miaka 74, miguu humvimba akikaa sana.

Karani: Ungesema mapema! Singapore, na siti ya kando ya ujia, ainuke anapotaka.

Nahodha_Mstaafu: Bibi wa miaka 74 kubadili ndege usiku wa manane? Perth.

Mama_Pacha: Kwa vyovyote muombeeni kiti cha magurudumu mnapokata tiketi. Na kurudi je? Upepo wa juu huvuma toka magharibi, kurudi mnaukabili, muda ni mrefu zaidi.

Tausi: Kurudi sijafikiria kabisa. Mrefu kwa kiasi gani?