Walimu wa awali na darasa la kwanza, leteni vituko vya watoto wenu

Chaki Nyeupe:
Habari zenu wakuu. Mimi nafundisha darasa la kwanza huku Geita, darasa limejaa kwelikweli, tangu elimu bila ada ianze 2016 huku kwetu darasa la kwanza ni kubanana tu, kuna siku natoka koo limekauka kabisa ila hawa watoto ndo wananifanya kesho yake niamke na hamu ya kazi. Juzi tulikuwa kwenye kutoa, tunatumia vizibo vya soda. Nikakauliza katoto kamoja, una vizibo saba, mwenzako akichukua vitatu vinabaki vingapi? Kakavikusanya vyote kakavifunika kwa mikono miwili, "Mwalimu, hachukui." Nikasema basi tufanye kama kachukua. Kakamwangalia mwenzake, kakafikiria weee, kakamsogezea viwili. "Hivi nampa mwenyewe. Vimebaki vitano." Jamani nilishindwa hata kusahihisha, nikaliambia darasa lipige makofi matatu. Nyie mna yapi?

Mwalimu wa Pwani:
Huku Kilifi, gredi ya kwanza. Tuko kwenye silabi, ba be bi bo bu, kijana mmoja akanijia mbio na jino mkononi na damu mdomoni, anacheka. Si unajua jino la mtoto hurushwa juu ya paa, basi darasa zima likataka kutoka nje likarushwe kwenye mabati ya shule. Hapo ndipo akaangua kilio, eti likirushwa hapo jipya litamea shuleni na yeye atabaki kibogoyo nyumbani 😂 Nikalifunga kwa karatasi nikamtilia mfukoni na kila mara akiligusa kuona kama liko. Asubuhi yake nyanyake akaja mwenyewe hadi mlangoni kuniambia, mwalimu, limerushwa na limekaa. Nilifurahi siku nzima.

Mama Pacha:
Mimi ni awali. Naita mahudhurio, mmoja kimya, jirani yake akanijibu kwa sauti "yupo mwalimu!" Yuko wapi? "Yupo kwao, anakunywa uji." 😂😂

Mwl Meatu:
Mimi nilipokea binti hajui Kiswahili hata kidogo, kwao ni Kisukuma tu, na mimi Kisukuma changu cha kuombea maji. Wiki na wiki haongei, nikisema kitu anamwangalia rafiki yake wa dawati moja, yule anamnong'oneza ndo anafanya. Nilikuwa naumia sana maana KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) utaianzaje kwa mtoto ambaye hakuelewi. Siku moja naandika ubaoni nasikia sauti siijui inapaza, "Mwalimu! Huyu kachukua penseli yangu!" Nageuka ni yeye, kasimama, kidole kimenyooka. Darasa likashangilia kama kuna goli limefungwa, hata yule mwizi wa penseli akawa anashangilia na penseli yenyewe mkononi. Nilitoka nje kidogo nikafuta machozi.

Chaki Nyeupe:
Mwl Meatu umeniliza na mimi. Na yule rafiki yake mkalimani sasa anafanya nini?

Mwl Meatu:
Kazi hajaacha! Nikisema fungueni madaftari anageukia darasa zima anarudia kwa Kisukuma, hadi kwa mtoto wa mwalimu mwenzangu ambaye Kisukuma hajui. Nimemuacha tu, madaftari yanafunguliwa.