Naomba ushauri: mume anataka kuuza nyumba tunayoishi

Habari wakuu, niko Pasua, Moshi. Mume wangu anaishi waziwazi na mwanamke mwingine, na sasa analeta madalali nyumbani. Jana mmoja kapima sebule kwa hatua, watoto wanamtazama. Hati ina jina lake peke yake, lakini tofali za vyumba vya nyuma nilifyatua mimi.

Nimesoma Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yangu. Je, zuio la kuuza niliweke ofisi ya ardhi sasa hivi au nianzie baraza la usuluhishi la ndoa? Tukiachana, uzinzi wake utaongeza mgao wangu wa mali, au ni ushahidi tu kwamba ndoa imevunjika? Na nikihamia kwa mama Marangu, atasema nimemtelekeza? Mawakili na mliopitia haya, nisaidieni jamani, naogopa kuchelewa.