Mjadala: Anayeanza gitaa la umeme, anunue lile la nyota wake?

Mtoa mada

Wakuu, kila mtu akitafuta gitaa lake la kwanza la umeme ubishi huu unaanza upya. Kuna wanaosema mfuate unayempenda: wa Jimi Hendrix achukue Stratocaster, wa Slash achukue Les Paul, wa Angus Young achukue SG, mambo yameisha. Wengine wanasema huko ni kutupa hela, maana saini ya mtu kwenye kichwa cha gitaa haipigi noti hata moja. Mimi niko na hao wa pili, na nasema wazi ili anayepinga ajue anapinga nini: gitaa lenye jina la nyota ni tangazo la biashara lililofungwa nyuzi sita. Karibuni.

Fundi wa magitaa

Kwenye jina uko sahihi, mkuu. Kwenye gitaa lenyewe umepitiliza. Futa saini, futa rangi, bado Stratocaster na Les Paul ni vyombo viwili tofauti, na tofauti inapimika kwa rula. Stratocaster, kutoka nati (kile kipande chenye mifereji sita juu ya shingo) hadi darajani, pale nyuzi zinapoishia mwilini, uzi wake una milimita 648. Les Paul ni kama 628. Funga nyuzi zilezile, tuni noti zilezile, mvutano kwenye Les Paul unapungua kwa takriban asilimia 6. Kidole kinalijua hilo mara moja: kuvuta uzi kwenda noti ya juu kunakuwa rahisi, na freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) zimekaribiana kidogo. Ukishusha tuni, hapohapo nyuzi zinalegea upesi na kuanza kugonga freti.

Halafu kuna pikapu, kile kifaa chini ya nyuzi kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Singo koili (pikapu ya koili moja) ya Stratocaster inatoa sauti angavu, kila noti inajitenga na mwenzake, ila inaokota mvumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Ukiwasha distoshini (sauti iliyochafuliwa makusudi), mvumo unapanda nayo. Hambaka, aliyoibuni Seth Lover pale Gibson, watengenezaji wa Les Paul, katikati ya miaka ya 1950, ina koili mbili zinazofanya kazi kinyume: mvumo unafutana, sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ndiyo maana ni nene zaidi na tulivu zaidi. Anayetaka sauti ya Slash akanunua gitaa la singo koili tatu atahangaika, na pedali (kifaa cha mguu cha kubadilisha sauti) haitamtoa hapo. Kwa hiyo nyota anasaidia kuchagua aina ya gitaa. Jina lake liache dukani.

Mpiga solo

Fundi, hata aina nyota anaweza kukupoteza. Chukua albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, ya 1969. Picha waliyo nayo watu ni ya Jimmy Page na Les Paul, ilhali sehemu kubwa ya albamu ile aliipiga kwa Telecaster. Mtu anakimbilia Les Paul kutafuta sauti ambayo Les Paul haikuitoa!

Au Stevie Ray Vaughan. Watu wanaiga Stratocaster yake iliyochakaa, wanasahau nyuzi. Seti yake ilianza na unene wa inchi 0.013, na tuni alikuwa anaishusha nusu toni. Mvutano unapanda kwa mraba wa unene, kwa hiyo uzi wa 0.013 kwenye noti ileile unahitaji nguvu mara 1.69 ya uzi wa 0.010. Kushusha nusu toni kunapunguza kama asilimia 11. Bado mzigo unabaki mara moja na nusu ya ule wa kawaida. Anayeanza akiiga hilo, vidole vinachubuka, na uzi anauvuta lakini haufiki noti aliyoikusudia, kwa hiyo sikio linazoea kupiga chini kidogo. Kasoro hiyo kuitoa baadaye ni kazi. Upande wa pili yupo Billy Gibbons wa ZZ Top, anajulikana kwa nyuzi za 0.007, na sijasikia mtu akilalamika kwamba sauti yake ni nyembamba.

Tony Iommi ndiyo kabisa. Mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kubana nyuzi. Akahamia nyuzi nyepesi, na kufikia 1971 Black Sabbath walikuwa wanashusha tuni toni moja na nusu. Hapo unamwambia kijana anunue gitaa gani?

Mwalimu wa gitaa

Ndugu zangu, mnaongea kama watu ambao tayari wanapiga. Kwa anayeanza, swali la kwanza ni kama kesho atalishika tena. Miezi ya mwanzo ni maumivu ya vidole na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya fa isiyolia. Aliye na gitaa lenye umbo alilolitamani tangu akiwa mtoto anavumilia. Aliyelazimishwa kuchukua gitaa “la busara” anaona kisingizio cha kuacha. Kwa hiyo mtoa mada, mimi napingana nawe: umbo na rangi ni sababu halali, na tusione aibu kusema.

Ila nina vizuizi vitatu ambavyo sivilegezi, hata nyota awe nani. Cha kwanza ni daraja la Floyd Rose linaloelea. Daraja hilo limesimama kwa mizani kati ya nyuzi upande mmoja na springi zilizo nyuma ya mwili upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, mizani inavunjika na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda noti. Ukitaka kushusha uzi mmoja tu toni moja, zilizobaki zinahama pia. Ukibadilisha unene wa nyuzi, unarekebisha springi upya. Kwa aliyeshika gitaa wiki mbili, kubadilisha nyuzi kunamaliza jioni nzima na ufunguo wa pembe sita mkononi.

Cha pili ni shingo iliyochimbwa kati ya freti, ile inayohusishwa na Yngwie Malmsteen. Kidole hakigusi mbao, kwa hiyo anayebana kwa nguvu, na wanaoanza wote wanabana kwa nguvu, noti inapanda na kodi inakuwa mbovu ingawa tuni ni sahihi. Cha tatu ni gitaa la nyuzi saba.

Mpiga rithimu

Naona hapa nyota wote ni wa roki. Franco Luambo je? Dr Nico Kasanda je? Franco alidonoa kwa vidole, noti mbilimbili, na sauti yake ikapenya katikati ya tarumbeta za OK Jazz bila distoshini hata chembe. Anayeota sebene halafu akauziwa gitaa la metali lenye hambaka zenye nguvu kupita kiasi atasukuma amplifaya ichafuke kabla hajataka. Anahitaji pikapu zenye nguvu ya wastani, amplifaya inayobaki safi hata ikipanda, na daraja lisilocheza.

Na sikilizeni jambo ambalo hakuna gitaa la saini litakalokuuzia. Lile gitaa la tatu kwenye bendi za rumba, la mi-solo, wapo wapigaji wanaotoa uzi wa nne, wa re, na kufunga mahali pake uzi mwembamba unaotuniwa oktava moja juu. Uzi wa 0.010 unatosha kabisa, kwa kuwa re hiyo iko chini kidogo tu ya mi ya uzi wa kwanza. Ghafla gitaa lilelile linameta na haligongani na solo wala rithimu. Tatizo moja: mfereji wa nati uliochongwa kwa uzi mnene unauacha mwembamba ucheze na kutoa mlio wa kugongagonga. Weka kipande kidogo cha karatasi ngumu chini yake, au chonga nati ya pili.

Anayepiga kushoto

Nina swali, na mnijibu bila kunibembeleza. Magitaa ya kushoto ni machache. Hendrix aligeuza la kulia. Nifanye hivyohivyo?

Fundi wa magitaa

Kwenye Stratocaster inawezekana, kwa sababu mwili wake umekatwa pande zote mbili za shingo na mkono unafika freti za juu kutoka pande zote. Kwenye Les Paul, mkato uko upande mmoja. Ukiigeuza, bega la mwili linakaa juu ya freti unazozitaka. Achana nayo.

Ukiigeuza Stratocaster, kazi ni hii. Nati unaitoa na kuweka iliyochongwa kinyume, kwa kuwa uzi mnene hauingii mfereji wa uzi mwembamba, na uzi mwembamba kwenye mfereji mpana unatoa mlio wa kugongagonga. Kitufe cha mkanda unakihamishia pembe ya pili. Vijidaraja vyote sita, kimoja kwa kila uzi pale darajani, unavipanga upya. Njia ni rahisi: piga hamoniki (gusa uzi tu bila kuubana) kwenye freti ya 12, kisha bana freti hiyohiyo, linganisha kwa kifaa cha kutuni. Noti iliyobanwa ikiwa juu, sogeza kijidaraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Volyumu na jeki (tundu la waya) vitakaa juu, chini ya mkono wa kupiga, na mkono utavigusa bila kutaka. Hilo halina dawa.

Sauti nayo inabadilika kidogo. Pikapu ya darajani imelazwa mshazari. Ikigeuzwa, nyuzi nene zinasikilizwa karibu zaidi na daraja, zinakuwa kali, na nyembamba zinakuwa laini. Hendrix alipata hilo kama matokeo ya kugeuza. Wewe ukipata la kushoto halisi, chukua la kushoto halisi.

Mtoa mada

Mwalimu kanitikisa kidogo kuhusu hamu, nakiri. Lakini bado hamjaniambia mtu afanye nini akiwa amelishika gitaa mkononi. Nyota hayupo dukani.

Fundi wa magitaa

Sawa. Lishike kama bunduki, jicho kwenye daraja, tazama shingo hadi kichwani. Ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejisokota, rudisha. Halafu bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, tazama pengo kwenye freti ya 7. Milimita 0.2 hadi 0.3 ni nzuri. Likizidi, chuma kilicho ndani ya shingo kinakazwa, robo ya mzunguko kwa safari moja, unatuni tena, unapima tena. Pakiwa hakuna pengo kabisa na nyuzi zinagongagonga freti za mwanzo, kinalegezwa. Kikiwa kimekazwa hadi mwisho na bado pengo ni kubwa, hilo gitaa usilinunue.

Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: kama milimita 2 uzi mnene, 1.6 uzi mwembamba. Piga kila freti, kila uzi. Vuta uzi wa kwanza na wa pili toni nzima kuanzia freti ya 12 kwenda juu. Noti ikikatika katikati ya kuvuta, ama freti moja imeinuka, ama ubao wa shingo una mviringo mwingi. Stratocaster za kizamani, zenye mviringo wa inchi 7.25, zina tabia hiyo kimo kikishushwa sana. Kwenye inchi 12, kama za Gibson, hutaiona.

Tuni ikihama, watu wanalaumu funguo. Mara nyingi mkosaji ni nati. Geuza ufunguo polepole: ukisikia “ting” na noti ikaruka, uzi unanasa mferejini. Vumbi la risasi ya penseli linatatua kwa muda, kuuchonga mfereji vizuri kunatatua moja kwa moja.

Mwisho chomeka waya, zungusha vitufe vya volyumu na toni. Mkwaruzo mdogo ni uchafu, dawa ya kusafisha umeme inamaliza. Sauti ikikatika ukitikisa jeki, ni kulehemu upya tu. Kwa Gibson iliyotumika, angalia nyuma ya shingo chini ya kichwa. Kichwa kimeinama nyuma na mbao hapo ni nyembamba, ndipo panapovunjika. Likiunganishwa vizuri linapigika, ila bei lazima ishuke.

Mpiga solo

Na amplifaya jamani! Spika ya gitaa inafifisha karibu kila kitu juu ya hezi 5,000. Ukichomeka distoshini kwenye redio ya sebuleni inayotoa sauti kali hadi juu kabisa, inakuwa mzomeo, halafu gitaa linalaumiwa. Afadhali gitaa la kawaida na spika sahihi kuliko kinyume chake.

Nikumalizie na saini, mtoa mada. Si zote ni rangi. Lucille ya B.B. King, Gibson walipoitoa 1980, haina yale matundu ya umbo la f, kwa sababu matundu hayo yanachangia kupiga kelele za mzunguko (sauti ya spika kurudi kwenye gitaa na kupiga mlio) sauti ikipanda. Red Special ya Brian May wa Queen, aliyoanza kuijenga na baba yake 1963, ina swichi za kuwasha kila pikapu na kugeuza mwelekeo wake. Nakala zake zina swichi hizo pia. Hiyo ni kazi, mkuu.

Mtoa mada

Lucille nakubali. Red Special bado naiona ni mapenzi ya Queen. Anayeanza atafanya nini na swichi sita?

Fundi wa magitaa

Atawasha zote za pikapu, za mwelekeo ataziacha kama zilivyo, atasahau. Asichosahau ni urefu: uzi wa Red Special ni inchi 24, mfupi kuliko hata Les Paul. Akifunga seti ya 0.009 na mkono wake ni mzito, kila kodi itapanda noti. Aanze na 0.010.