Kikundi cha Ukoo: Macho ya Nyanya

*Jumapili*

Mwanasha, 20:04: Assalamu alaikum nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Mhudumu wa afya wa kijiji amenithibitishia kwamba Jumanne asubuhi madaktari wa macho watakuwa zahanati, na watakaokutwa na mtoto wa jicho watachukuliwa na gari siku hiyo hiyo hadi Kwale wakafanyiwe upasuaji bila malipo. Sisi tunatakiwa kutoa mtu mzima wa kufuatana na Nyanya na kulala naye huko, pamoja na nauli ya kumrudisha kwa uchunguzi baadaye. Naomba majina usiku huu.

Mwanasha, 20:41: Naona ujumbe umesomwa na wengi, wala hakuna aliyejibu.

Salim, 20:50: Nauli nitatoa mimi, ila kazi ya bandarini hainiruhusu kulala nje. Kwani Athumani hawezi kwenda naye kama kawaida?

Mwanasha, 20:53: Athumani ni mtoto wa Gredi ya 6. Tangu Nyanya aache kuona, yeye ndiye anayeshika ncha ya mkongojo na kumwongoza kisimani, msibani na zahanati, huku wenzake wakiwa darasani. Mtoto hawezi kutia sahihi ya ridhaa, wala kubebeshwa jukumu la saa za dawa.

Bakari, 21:02: Nyanya akifunguliwa bendeji, kwanza atahesabu kuku wake. Kaka Salim, jitayarishe kueleza alikokwenda yule jogoo mwekundu.

Salim, 21:03: Jogoo yule alipitishwa na kikao, na paja ulikula wewe.

Mwanasha, 21:05: Ya jogoo tumwachie Nyanya ayaulize mwenyewe. Nani atakwenda?

Shangazi Mejumaa, 21:20: Sisemi kwa ubaya, lakini mlipompeleka marehemu kaka yangu hamkuniuliza. Mbuzi wangu waliuzwa, naye akarudi haoni vilevile. Leo mnataka tumtoe mama kwa maneno yale yale?

Riziki, 21:38: Shangazi, ulistahili kuelezwa tangu wakati ule. Marehemu alikuwa na presha ya macho, ambayo huharibu mshipa unaounganisha jicho na ubongo, na mshipa huo ukishakufa hakuna upasuaji wa kuufufua. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Daktari hulitia jicho ganzi, hupasua kidogo, huitoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki, na mara nyingi kazi humalizika kabla ya nusu saa. Nilipommulika Nyanya kwa tochi mboni zilikuwa nyeupe, lakini kila nilipouhamisha mwanga alinionyesha kwa kidole unakotoka. Hiyo ni dalili njema, ingawa neno la mwisho ni la daktari, ambaye pia atapima sukari na presha ya damu, na zikiwa juu huenda akaahirisha. Naongeza hili kwa uchungu: katika sehemu nyingi zisizo na huduma, wanawake hufikiwa na upasuaji huu kwa uchache kuliko wanaume, na mara nyingi kikwazo ni nauli na mtu wa kuwasindikiza.

*Jumatatu*

Baba Mkubwa, 05:48: Waalaikumu salaam. Nimesoma yote baada ya swala. Mmemzungumzia mama yangu usiku kucha, na hakuna aliyenipigia simu nimpe aseme naye. Chumba cha pili nalala mimi, na namsikia akipapasa ukuta akiutafuta mlango. Haogopi kisu, anaogopa kuachwa mahali asipojua choo kiko wapi. Akikubali, afuatane na mwanamke wa nyumba hii. Akikataa, gari liende bila yeye.

Mwanasha, 06:15: Nimekusikia, Baba Mkubwa. Nitakupigia sasa hivi nizungumze naye.

Salim, 12:30: Nauli nimetuma kwa Mwanasha.

Shangazi Mejumaa, 18:47: Nimetoka kwa mama. Anasema atakwenda zahanati apimwe, na habari ya gari ataamua hapo hapo. Zahanati nitakuwapo. Kulala Kwale siahidi, kwa kuwa mahindi yamekauka shambani na sijapata wa kunivunia.

Mwanasha, 18:52: Ahsante, Shangazi. Bakari, uko tayari kumsaidia Shangazi kuvuna? Riziki, zamu yako ya Jumanne usiku inaweza kubadilishwa? Na matone ya macho, ambayo yatatiwa kwa wiki kadhaa baada ya kurudi, yatakuwa mikononi mwa nani?

Bakari, 21:30: Kuvuna nitavuna, ila kuanzia Jumatano.