Damu ya mdogo wangu imekuwa safi ila wanataka kumtoboa tena nyonga, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 19, ana saratani ya damu, lukemia kali ya limfu. Kapigwa kemo ya kwanza karibu mwezi mzima, namshukuru Mungu homa zimekata, fizi hazitoki damu tena, na kipimo cha damu cha juzi hakikuonyesha seli mbaya. Sasa daktari anataka kutoa tena uboho kwenye mfupa wa nyonga na dogo kagoma kabisa, mara ya kwanza aliumia sana, mama naye anasema kama damu ni safi wanamtesa ya nini. Halafu wameomba sampuli kidogo ibaki kwa utafiti, na sisi ndugu zake wanne tupimwe ikibidi tumchangie uboho. Mama anaogopa mchangiaji atapooza mgongo. Mimi ndo mkubwa, wote wananiangalia mimi.

MtuWaMaabara: Pole sana mkuu. Msikatae hicho kipimo. Damu ya mkononi ni sokoni tu, shamba lenyewe ni uboho. Kwa mtu mwenye afya seli changa, yaani za damu ambazo hazijakomaa, kwenye uboho hazifiki 5%, kwenye lukemia kali huwa 20% na kuendelea, mara nyingi zaidi ya hapo. Zikishuka chini ya 5% baada ya kemo ni hatua kubwa, lakini hadubini haioni zilizojificha, kuna mashine inakamata hata seli 1 mbaya kati ya 10,000 na hilo jibu ndo linamwambia daktari kama dawa zinatosha au dogo apandikizwe uboho wa mtu mwingine. Bila hilo atakuwa anakisia, na ugonjwa ukirudi unakuwa mgumu zaidi kuliko mwanzo.

Kipepeo: Mimi niliumwa hii kitu. Ganzi inaua maumivu ya ngozi na juu ya mfupa ila pale wanapovuta uboho ganzi haifiki, ndo panauma. Mwambie daktari mapema dogo aliteseka, aulize kama anaweza kupewa dawa ya usingizi. Msimlazimishe, mkalisheni aelezwe yeye mwenyewe, ni mtu mzima.

DadaZ: Mama asiogope. Nilimchangia kaka yangu na mgongo haukuguswa. Siku hizi wengi wanachomwa sindano siku 4 au 5 ili seli mama, zile zinazozalisha damu, zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha mashine inazichuja kupitia mkononi, mifupa inauma kama una mafua makali halafu inaisha. Wakichukua kwenye nyonga unapewa nusu kaputi, na uboho unajijaza wenyewe ndani ya wiki chache.

Baba mmoja mama mmoja kila ndugu ana nafasi 25% ya kufanana naye alama za HLA, zile za kwenye seli ambazo kinga ya mwili inazitumia kutambua kilicho chake, kwa hiyo mkiwa wanne nafasi ya kupata angalau mmoja inakaribia 70%. Msipofanana bado anaweza kuchangia mzazi anayefanana naye nusu, au mtu baki.

MtuWaMaabara: Kuhusu utafiti, muulize kama wanatumia uboho uleule bila kumtoboa zaidi, na akikataa matibabu yasibadilike. Ila mimi ningekubali. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alianza kuwapa wagonjwa uboho wa watu wengine mwaka 1957, wale wa mwanzo karibu wote walifariki, akang'ang'ana hadi akapata Nobel 1990. Mwaka 1994 seli za wagonjwa wa lukemia nyingine, ya mieloidi, ziliwekwa kwa panya ikaonekana ni chache sana ndani yake zinazouanzisha ugonjwa upya. Haya yote yametoka kwa wagonjwa walioshiriki utafiti.

Mleta uzi: Asanteni mno, nimemsomea mama jibu la DadaZ kakubali tupimwe. Dogo kasema akipewa usingizi anaenda. Swali la mwisho, mimi kundi langu ni O yeye ni A, si nimeshatoka hapo?

DadaZ: Hujatoka! Wanaangalia alama za HLA, kundi likitofautiana wanajua namna ya kuziandaa seli. Kaka yangu alikuwa B, sasa ni O kama mimi. Nenda kapimwe.