Ajali ikitokea ziwani, tumsikilize nani kwanza?

Mkazi wa Kirumba:
Ndugu wachangiaji, kivuko cha MV Nyerere kilipozama tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria, mimi nilipata habari kwa simu ya shemeji yangu kabla sijasikia redio ikitangaza. Nauliza: kurasa za mtandaoni zinazoendeshwa na wakazi zihesabiwe kuwa vyombo vya habari, au zibaki soga za kijiweni mpaka mhariri azithibitishe? Mimi nasema zihesabiwe.

Mwalimu wa Nyakato:
Napinga. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101, na idadi ya waliokufa ilipanda siku hadi siku mpaka ikafika 228. Aliyetaja idadi katika saa ya kwanza alikuwa akibahatisha, ilhali mhariri anawajibika kwa kila anachokitoa. Muuza dagaa mwenye simu hageuki kuwa mwandishi kwa sababu tu amewahi kufika.

Mama Dagaa, Mwaloni:
Shikamoo Mwalimu, lakini hilo neno la muuza dagaa limenichoma. Gunia likishuka kutoka visiwani, sitazami mdomo wake. Natia mkono mpaka katikati, kwa sababu juu huwekwa dagaa weupe wakavu, na ndani unaweza kukuta mchanga na walionyeshewa mvua. Huko si kuthibitisha? Na ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliowahi kuokoa watu walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na waandishi wakaja kuwauliza wao hao.

Mkazi wa Kirumba:
Dada amesema kweli. Tena tukumbuke zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, sijui zilikuwa za mwaka 2017, zilizomdai mwenye blogu milioni nzima. Mvuvi aitoe wapi?

Mwalimu wa Nyakato:
Zilikuwa za 2018, na hesabu yako ni pungufu: ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya awali milioni moja, na ada ya kila mwaka milioni moja nyingine. Nakubali kwamba ada hizo ziliwaumiza wadogo. Hata hivyo, kumwondolea mtu ada si kumfundisha kazi.

Mzaliwa wa Ukara:
Mnabishana juu ya dagaa na ada. Mimi mama yangu mdogo nilimtambua kwenye picha ya simu, kwa kitenge chake cha kijani, akiwa amelazwa mchangani pamoja na wengine, kabla ndugu yeyote hajatupigia. Mdogo wangu ndiye aliyeifungua picha ile, naye alikuwa darasa la tano. Katika kundi letu la familia tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba hakuna aliyebaki hai ndani ya kivuko. Siku mbili baadaye fundi Alphonce Charahani akatolewa akiwa hai. Nauliza nanyi mnijibu: ni nani alimpa mtu ruhusa ya kumpiga picha marehemu wetu na kuisambaza?

Mama Dagaa, Mwaloni:
Pole sana, mwanangu. Picha za namna hiyo zilinifikia pia, nami niliwatumia watu wawili bila kujiuliza kama wenye msiba wamekwisha kujulishwa. Naomba radhi kwa hilo. Lakini Mwalimu, wewe bado hujanijibu kuhusu muuza dagaa.