Betri kavu ndani ya boksi la tela: matundu ya hewa wapi, makubwa kiasi gani?

TelaLaSupu:
Wakuu, nina tela la kuuzia chakula, bodi ya bati. Chini ya benchi kuna boksi la sm 90 × 60 × 40, mlango wake una mpira wa kuzuia vumbi. Nataka kuweka humo betri kavu (AGM) mbili za 12V 200Ah, zimeungwa sambamba, zichajiwe na sola, na njiani na alteneta ya gari. Muuzaji anasema betri kavu haitoi gesi, niliache limefungwa. Kweli? Inveta ya wati 2000 nayo nilitaka ikae humo humo kufupisha nyaya.

Volti14:
Nusu kweli. "Kavu" ni jina la dukani tu. Asidi imo, imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo. Gesi inayozaliwa wakati wa kuchaji hurudi kuwa maji, karibu yote. Lakini kila seli ina vali. Ukizidisha chaji vali inaachia, haidrojeni inatoka, nayo hulipuka kuanzia 4% ya hewa. Boksi lako, ukitoa betri zenyewe, lina hewa kama lita 160. 4% yake ni lita 6.4. Betri ya 12V iliyozidishiwa inaweza kutoa hadi lita 2.5 kwa kila Ah. Chaja mbovu ikisukuma amperi 5 kwenye betri zilizokwisha kujaa, nusu saa inatosha kufika hapo.

Ukubwa wa matundu, kwa kanuni ya IEC 62485-2 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa betri): 0.05 × seli 6 × miliamperi 8 kwa kila Ah × 400Ah ÷ 1000 = mita za ujazo 0.96 za hewa kwa saa. Zidisha kwa 28: sm² 27 kwa tundu la kuingizia na 27 nyingine kwa la kutolea. Duara la mm 60 linafikisha. Ukiweka wavu, toboa mm 80, maana nyuzi zinakula nafasi na vumbi linamalizia.

FundiBati:
Hesabu safi, ila wengi wanakosea mahali. Haidrojeni inapanda, kwa hiyo tundu la kutolea liguse dari ya boksi. Ukilishusha sm 10, gesi inabaki imening'inia juu yake. La kuingizia liwe chini, upande wa pili, mbali na tairi. Kama unatumia bomba kutolea, lipande tu, lisishuke popote, na mdomo wake uwe nje ya tela, mbali na jiko.

Inveta itoe humo. Rilei yake (swichi ya ndani) inatoa cheche, nayo yenyewe ni hita. Ifunge upande wa pili wa ukuta, waya wa mm² 70, fyuzi ya 250A nje ya boksi lakini karibu kabisa na betri, na pale waya unapopenya weka mpira na silikoni. Mtungi wa gesi ya kupikia pia usikae humo: gesi yake ni nzito, inatambaa sakafuni na kuingia kwa tundu la chini.

TelaLaSupu:
Shukrani. Feni niweke?

Volti14:
Kwa gesi, matundu hayo yanatosha. Ukiitaka kwa ajili ya joto, iwe isiyo na brashi, iwekwe chini ikisukuma hewa ndani. Ukiiweka juu ivute, unapitisha haidrojeni kwenye mota.

KaliYaJua:
Joto ndilo la kuogopa zaidi kwenye bati. Kontrola ya sola iwe na kihisi cha joto kilichobandikwa ubavuni mwa betri, si ukutani. Volti 14.4 za kuchajia ni za joto la nyuzi 25. Kwa nyuzi 45 zishuke hadi kama 13.9, ila fuata karatasi ya betri yako. Zima kabisa ule mpangilio wa kusawazisha seli, unapanda volti 15 na zaidi. Achia sm 2 kati ya betri na betri. Alteneta usiiunge moja kwa moja, weka chaja ya DC kwa DC yenye chaguo la AGM.

Na ukifungua mlango ukanusa yai viza, au ukaona ubavu wa betri umevimba, kata chaji kwanza, kwa swichi iliyo nje ya boksi. Usifungue nati ya betri hapo hapo. Acha mlango wazi, ipoe.